Kubalehe na kuvunja ungo sio kitu kimoja, ndo maana tunachelewa kuongea na mabinti

Mtoto wa kaka yangu, wakati huo yuko darasa la 4, alikaa siku tatu analala na fulana nzito kwenye joto lile la Dar la mwezi wa pili, akioga anajifungia, ukitaka kumkumbatia anaruka pembeni. Mama yake akajua kagombana na wenzake shule. Usiku wa tatu ndo akasema huku analia, kwamba ana uvimbe kwenye titi la kushoto na anajua atakufa kwa sababu alisikia redioni mambo ya saratani. Wifi akampapasa, kweli, chini ya chuchu kuna kitu kigumu kama punje ya harage, upande mmoja tu, akikigusa mtoto anashtuka. Wifi hakulala. Asubuhi wakawa wa kwanza kwenye foleni dispensari, nesi akashika mara moja akasema mama, hili ni titi linaota, nendeni nyumbani.

Wifi ana watoto watatu na kasoma mpaka fomu foo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba titi huanza hivyo, kama kokwa, mara nyingi upande mmoja unatangulia mwingine kwa miezi kadhaa, na kwamba linauma. Yeye alipokuwa binti aliambiwa sentensi moja tu, na aliambiwa siku ameshaona damu: sasa umekua, usicheze na wavulana. Basi, elimu ikaishia hapo.

Kila ikikaribia tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Duniani, mabishano yanaanza upya. Wengine wanasema watoto wafundishwe mapema, wengine wanasema mnawafundisha watoto mambo ya kikubwa, na ukisikiliza vizuri unagundua kila mtu anaongelea kitu chake ila neno wanalotumia ni lile lile. Kwa hiyo naomba tuanze na maneno, maana hapo ndo pameharibika.

Kubalehe ni safari. Mwili wa mtoto unageuka kuwa mwili wa mtu mzima, na kwa mtoto wa kike safari hiyo huanza popote kati ya miaka 8 na 13 na inachukua miaka kama 4 hivi, mwingine zaidi. Kuvunja ungo ni siku moja ndani ya hiyo safari, siku ya damu ya kwanza kabisa. Hedhi ni hiyo damu inayokuja tena na tena baada ya hapo, ndo hiyo watu wanaita siku zake, mwezini, piriodi. Utu uzima ni jambo lingine, la akili, la sheria, la kujitegemea, na hauletwi na damu. Na ngono nayo ni somo lake peke yake. Mtu anayemweleza mtoto wa miaka 9 kwa nini kifua kinamuuma hajamfundisha ngono, amemweleza kifua.

Sasa ona tatizo linapoingia. Sisi wengi kubalehe na kuvunja ungo tunavihesabu kitu kimoja, kwa hiyo tunasubiri damu ndo tuongee. Ila damu haiji mwanzoni mwa safari, inakuja karibu na mwisho, kwa kawaida miaka 2 mpaka 2 na nusu tangu titi lianze kuota. Ni sawa na kumpa mtu maelekezo ya njia ya kwenda Mwanza wakati basi limeshafika Shinyanga. Morogoro, Dodoma na Singida kapita peke yake, gizani, akidhani anaumwa.

Mwili wenyewe unafanya nini

Chanzo kipo kwenye ubongo. Kuna sehemu ndogo ndani kabisa ambayo utotoni inakuwa kama imelala, ikifika muda wake inaamka, na mwanzoni inafanya kazi zaidi usiku mtoto akiwa usingizini. Inaiamsha tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, na hiyo tezi inatuma ujumbe kwa njia ya damu mpaka chini kwenye vifuko vya mayai, navyo vinaanza kutengeneza homoni ya kike inayoitwa estrojeni. Homoni ni ujumbe tu unaosafiri kwenye damu. Kama konda wa daladala anavyogonga bodi huku nyuma, dereva hamuoni lakini anaelewa na gari linaondoka, ndivyo ubongo unavyogonga na sehemu za mbali za mwili zinaitika bila mtoto kuamua chochote. Hili la kutokuamua lisisitize sana kwa binti, kwa sababu wengi wanajiona wamekosea kitu.

Kwa wengi kinachotangulia ni titi. Zinafuata nywele za sehemu za siri, baadaye za kwapani, na wapo ambao nywele ndo zinatangulia, ni sawa tu. Jasho linabadilika harufu, kikwapa kinaanza, ngozi inatoa mafuta na chunusi zinajitokeza. Mtoto anarefuka ghafla, sketi ya shule ya Januari inamkataa mwezi wa sita, nyonga zinapanuka na mapaja yananenepa. Mafuta ya kwenye nyonga na mapaja ni sehemu ya mpango wa mwili, sio ulafi, na maneno ya kumwambia mtoto wa miaka 11 "umekuwa bonge" mbele ya wageni yanakaa kichwani miaka mingi sana. Kurefuka kwa kasi kunatangulia damu, kwa hiyo wanaosema binti akivunja ungo anaacha kurefuka wana ukweli nusu, anaendelea kurefuka ila kidogo, sentimita kama 5 mpaka 7 hivi, halafu mwili unatulia.

Kuna alama moja inayosahaulika kabisa, majimaji meupe au ute kwenye chupi. Yanaweza kuanza miezi 6 mpaka mwaka mzima kabla ya damu, ni kazi ya estrojeni hiyo hiyo, na ni usafi wa mwili wenyewe. Nimeshamsikia mama akimhoji mwanae kwa ukali umefanya nini na nani, kisa chupi ina doa jeupe. Mtoto hajafanya kitu jamani. Ute usio na harufu kali, usiowasha, ni wa kawaida, tena ni taarifa kwa mama kwamba pedi ianze kukaa kwenye begi la shule. Ukiwa wa kijani au unanuka au unawasha, hapo ni hospitali. Hospitali, sio ndimu, sio shabu, sio majani ya tumbaku wala sabuni ya kuoshea ndani. Uke unajisafisha wenyewe, binti anaosha nje tu kwa maji, na akijisaidia anajifuta kwenda nyuma, sio kuja mbele.

Halafu ndo damu. Mimi watoto nawaelezea kwa mfano wa chumba cha kupangisha. Kila mwezi mji wa mimba unapiga plasta mpya ndani, laini, yenye damu nyingi, kumsubiri mpangaji. Yai linatoka kwenye kifuko chake, likipita bila kurutubishwa basi mpangaji hayupo, na ile plasta haiwekwi mpaka mwezi ujao, inabanduka na kutoka, mwezi mwingine inapigwa mpya. Mtoto akielewa hapo anaelewa na kwa nini damu ina vipande vipande, na kwa nini siku za mwanzo na za mwisho inakuwa ya kahawia, ni damu iliyokaa kidogo kabla ya kutoka.

Siku moja nilimkalisha huyu binti yetu jikoni pamoja na dada yake mdogo, kulikuwa na juisi ya rozela kwenye jagi, nikachukua pedi moja nikaiondoa karatasi ya gundi nikaibandika kwenye chupi mpya mezani wakaona mabawa yanavyokunjwa huku chini, halafu nikachukua kijiko cha chakula. Nikawauliza mnadhani kwenye hedhi nzima, siku zote, inatoka damu kiasi gani. Mkubwa akaonyesha jagi lote. Nikamimina kijiko kimoja juu ya pedi, kikanyonywa, cha pili, cha tatu, nikasema kwa wengi ni hiyo tu, vijiko 2 au 3 kwa siku zote. Wakanyamaza wanaangalia. Mdogo akagusa pedi na kidole akasema mbona kavu. Kwenye maji ya bafuni au kwenye shuka kijiko kimoja kinaonekana kama mtu kachinjwa, na hofu kubwa ya mtoto siku ya kwanza ni kwamba damu itaisha mwilini. Nikawaambia pia ikifika zaidi ya vijiko 5, yani pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili mfululizo, hiyo imezidi, aseme.

Pedi inabadilishwa kila baada ya masaa 4 mpaka 6 hata kama haijajaa. Wenye kutumia za kufua, au vitambaa vya khanga ya zamani, hakuna ubaya wowote mradi vifuliwe kwa maji ya baridi kwanza halafu sabuni, na vianikwe juani. Juani kabisa. Tunawafundisha mabinti kuficha kitambaa chini ya godoro, kinakauka nusu, kinapata ukungu, mtoto anapata muwasho na fangasi halafu tunasema ana uchafu.

Tunayoambiana

Kuku wa kisasa. Hili nimekutana nalo kwenye magrupu ya wazazi, saluni, kwenye daladala, kwamba watoto siku hizi wanaota matiti na miaka 9 kwa sababu ya homoni za kuku. Kwanza miaka 9 ipo ndani ya kawaida. Pili, kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi na chakula anachopewa, sio kwamba anachomwa homoni za kukuza matiti ya watu. Ila kuna ukweli umejificha pembeni ya huo uzushi. Mtoto mwenye mafuta mengi mwilini anaweza kubalehe mapema kidogo, kwa sababu ubongo unapima akiba ya mwili kabla haujaanza safari, na ndo maana pia mtoto aliyekosa lishe anachelewa. Kwa hiyo chipsi na soda kila siku bila kucheza nje vinaweza kuchangia, kwa njia ya uzito. Kuku wa kuchemsha na ugali hana kesi.

Matiti yanakua kwa kushikwa. Hapa nakasirika kweli. Binti aliyejaliwa kifua kikubwa na miaka 12 anaitwa majina, walimu wanamtazama vibaya, bibi anauliza ameanza lini wanaume. Ukubwa wa titi unaamuliwa na urithi na homoni na mafuta ya mwili, kushikwa hakuongezi hata kidogo. Uongo huu una upande wake wa pili, wale wanaochelewa wanatafuta dawa, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki mabinti wamekuwa wakiwakamata wale wadudu weusi wanaozungukazunguka juu ya maji ya mto wawaume kwenye chuchu ili matiti yatoke. Mdudu anauma, panavimba, mtoto anafurahi kwamba dawa imefanya kazi, uvimbe unaisha. Titi litakuja kwa ratiba yake.

Damu chafu. Zipo nyumba mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga, zipo sehemu hakanyagi bustani, mboga zitanyauka. Damu ya hedhi ni damu na hilo tabaka lililobanduka, basi, haina sumu, na harufu inakuja ikishakaa nje hewani na bakteria. Maji ya baridi hayaikati, ndimu haiikati. Pilipili pia haina habari nayo.

Na wapo wanaosema kuificha hedhi ni dini. Kwa Waislamu binti akiwa hedhini haswali wala hafungi, funga atailipa baadaye na sala hailipi, hiyo ni hukumu ya ibada, na ukifika madrasa utakuta mwalimu wa kike anataja hedhi kwa jina lake, anataja siku, rangi, namna ya kuoga, mbele ya wasichana wa miaka 10 bila kigugumizi. Kwenye fiqhi, yani elimu ya sheria za dini, hakuna kuficha. Hii aibu ya kunong'ona tumeitoa kwingine.

Chango. Tumbo la hedhi tunasema ni chango, kuna kitu kinatembea tumboni, na ukizaa litaisha. Kinachotokea ni kwamba mji wa mimba ni msuli, na ili ubandue lile tabaka unajikaza, kuna kemikali zinazoukaza, zikiwa nyingi maumivu yanakuwa makali, na kichefuchefu na kuharisha vinakuja humo humo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga inasaidia, kutembea kunasaidia, panado au ibuprofeni kwa kipimo cha umri wake baada ya kula inasaidia. Nisichoweza kukubali ni ile ya kumwambia mtoto anayeanguka chini na kukosa shule kila mwezi kwamba avumilie, ndo uanamke. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa ugonjwa, mmojawapo unaitwa endometriosisi, ambapo tabaka linalofanana na lile la ndani ya mji wa mimba linaota nje yake, na wanawake wengi huzunguka na chango lao miaka mingi kabla ya kupata jina la kinachowaumiza.

Nani alikuwa anafundisha zamani

Watu wanaosema mila zetu haziruhusu kuongea na watoto mambo haya wamesahau unyago. Pwani nzima, Zanzibar, kwa Wazaramo, kusini kwa Wamakonde na Wayao na Wamwera, mwari alikuwa anafundishwa kwa nyimbo na ngoma na vitendo, na kungwi, yule anayemfundisha, ni mtu mwenye heshima yake. Bibi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia inamjua kwa taarabu lakini Zanzibar wanamjua pia kama mtu wa unyago. Na naomba mtu wa bara asichanganye unyago na ukeketaji, ni vitu viwili tofauti.

Ila ukweli usemwe wote. Unyago ulipangwa kwa binti anayekwenda kuolewa, mafunzo mengi ni ya kumpokea na kumfurahisha mume, na sasa Mtwara na Lindi watoto wanachezwa unyago likizo ya shule, wengine hata damu hawajaona, wa miaka 9 na 10, wanarudi darasani wanajua mambo ya chumbani na hawajui kwa nini tumbo linauma. Hapo nakubaliana na wanaolalamika kwamba watoto wanafundishwa mambo ya kikubwa. Mimi sitaki kungwi afukuzwe, nataka abadilishe anachoanza nacho. Wapo makungwi wanaoweza kabisa, wana sauti, wana nyimbo, watoto wanawasikiliza kuliko daktari.

Makabila mengi mama mzazi hakuwa mwalimu wa mambo haya, kulikuwa na somo, yani mwanamke wa kumfunda binti, kulikuwa na shangazi, bibi. Mama alikuwa anakaa pembeni kwa heshima. Tukahamia mjini, bibi yuko Masasi, shangazi yuko Kahama anatuma meseji za sikukuu, nafasi ya shangazi ikabaki wazi na mama bado anakaa pembeni kama zamani. Kwa hiyo mwalimu akawa ni rafiki wa darasa la 6 na simu. Wakati mwingine nadhani shida yetu hata sio aibu, ni hii nafasi ambayo hakuna aliyeambiwa aijaze.

Sasa unaongeaje

Usipange kikao. Kikao kinamtisha mtoto na wewe mwenyewe. Ongeeni mkifua, mkichambua mchicha, mkisukana, macho yakiwa kwenye kazi maneno yanatoka. Mdogo kabisa anahitaji majina tu, uke unaitwa uke kama pua inavyoitwa pua, na kwamba hakuna wa kumgusa hapo na kumwambia iwe siri. Mtoto anayejua "huko chini" peke yake akiguswa atasema nini, atasema tumbo linauma na wewe utampa dawa ya minyoo. Akitokea kusema kaguswa, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na ile namba 116 ya bure ni ya watoto.

Akifika 8 au 9 mwambie kuhusu titi na kwapa na ute. Kabla ya 10 ajue damu, ameona pedi, ameishika, amejaribu kuibandika. Kwenye 11 na 12 sasa unaingia kwenye lile la wavulana, na hapa usirudie sentensi ya wifi. "Usicheze na wavulana" mtoto anaielewa kwamba ukigusana bega na mvulana kwenye benchi unapata mimba, anaogopa wiki mbili, haipati, anagundua ulidanganya, na kuanzia hapo kila utakachosema kiko kapu moja. Mwambie ukweli wa mpangaji na chumba, mpangaji anatoka wapi, kwa maneno machache. Mwambie na hili ambalo hata watu wazima hawalijui, yai linatoka wiki kama mbili kabla ya damu, kwa hiyo binti anaweza kushika mimba kabla hajaona hata hedhi moja. Mzazi anayesema mwanangu bado hajavunja ungo hana hatari, hapo kakosea.

Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi haina adabu ya kalenda. Inaweza kuja mwezi huu, ikapotea, ikarudi baada ya siku 45, au siku 21. Usimpeleke mtoto kupimwa mimba kwa vitisho kwa sababu karuka mwezi. Mnunulieni kidaftari aweke alama tarehe, baada ya muda ataona mwili wake unavyokwenda.

Na wavulana wa nyumba hiyo hiyo waambiwe pia. Kaka akijua pedi ni nini hamcheki dada wa watu mwenye doa kwenye sketi, anampa sweta ajifunge kiunoni.

Umekua, maana yake nini

Nimeacha hili mpaka hapa kwa sababu ndo linalogharimu zaidi. Neno "umekua" likisemwa siku ya damu, mtaa mzima unasikia ruhusa. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliweka binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, mvulana 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akafungua kesi, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019. Lakini kichwani mwa watu wengi kipimo ni kile kile, kavunja ungo basi kaiva.

Hajaiva. Nyonga ya binti inaendelea kukua na kupanuka miaka kadhaa baada ya damu ya kwanza. Mji wa mimba unaweza kubeba na njia ya kwenye nyonga ikawa bado ndogo, mtoto anakwama siku moja, mbili, na kichwa kikigandamiza muda mrefu kinaacha tundu, ndo fistula hiyo, mkojo unatoka bila yeye kuweza kuuzuia. Wanatibiwa, Dar pale hospitali ya CCBRT wanafanya kazi kubwa sana, ila wengi hukaa muda mrefu wamejificha nyumbani kabla hawajafika.

Suala la bei ya pedi nalo limo humu. Kenya waliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, wao wanaziita sodo, tangu 2004, na 2017 wakapitisha sheria ya kuwapa bure wasichana wa shule. Sisi tuliiondoa kwenye bajeti ya 2018/19, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Mimi naona bei isiposhuka anabanwa mfanyabiashara, sio mtoto.

Hospitali nenda hivi: matiti au nywele kabla ya miaka 8, au hajaonyesha dalili yoyote akiwa na 13, au hana damu na amefika 15. Damu inayozidi siku 7, au inayomwacha mweupe viganja na kizunguzungu, apimwe damu, na nyumbani aongezewe maini, dagaa, maharage, mchicha. Mengine mengi ni kusubiri na kuongea.

Huyu binti wetu wa harage alivunja ungo na miaka 12 na miezi, kipindi cha hesabu, mchana. Alikuwa na pedi kwenye kimfuko ndani ya begi tangu darasa la 5. Akaenda chooni, akaweka, akarudi kumalizia hesabu. Nyumbani mama yake hajarudi kazini, akamwambia baba yake, kaka yangu mimi, mtu asiyejua hata dukani zinakaa shelfu gani. Akatoka, akarudi na paketi mbili za aina tofauti maana hakujua ipi ni ipi, muuza duka kazifungia kwenye gazeti. Mtoto akafungua, akaangalia, akamuuliza, "Baba, gazeti la nini?"